Kutoa magazini (kile kikasha cha risasi) siyo kuondoa risasi!

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza ununue darubini gani ya kufunga juu ya bunduki yako ndogo ya .22, ulenge shabaha ukiwa umesimama au umelala, ufanye mazoezi mara ngapi kwa wiki, na huko Kilolo uitunze wapi. Mimi nimekwama kwenye sentensi uliyoipitisha kama jambo dogo: "nikimaliza natoa magazini, naiegemeza nyuma ya mlango, imeisha hiyo."

Haijaisha! Ukikoki, bolti, kile chuma unachokivuta na kukisukuma nyuma ya mtutu, inachukua risasi moja kwenye magazini na kuisukumia ndani ya chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuka. Ukitoa magazini, hiyo moja inabaki palepale. Na bunduki nyingi zinafyatuka vizuri tu bila magazini.

Nilifundishwa hivyohivyo. Mwalimu wangu alikuwa mzee mmoja aliyelinda maghala miaka mingi, na mtaani kwetu Mafinga ukitaja bunduki unaelekezwa kwake. Akaniambia, "Mwanangu, magazini ikitoka, hilo ni rungu tu." Nikaamini. Julai, kwenye ile baridi yetu, nimerudi kutoka mazoezini nikakaa sebuleni niisafishe. Magazini ipo mezani, naiona kwa macho yangu. Nikabonyeza kifyatulio ili springi ilegee kabla sijaanza kufuta, kama alivyonionyesha.

Ukuta wa jiko letu ni mbao za paini. Kile kirisasi, kidogo kama punje ya hindi, kikatoboa ubao na kuingia kwenye ndoo ya maji upande wa pili. Nilipofika jikoni maji yalikuwa yanatoka kwa mchirizi mmoja mwembamba, yanalowesha kanga iliyoanguka sakafuni. Mke wangu hakupiga kelele. Alimshika binti yetu, wakati huo ana miaka 4, akamsimamisha kando ya lile tundu ukutani, kisha akanitazama. Tundu lilikuwa usawa wa sikio la mtoto.

Anayetaka kucheka acheke, mimi nasimulia ili yasikukute. Na yule mzee namlaumu mpaka leo. Nilipomfuata akanijibu, "Pole mwanangu, ni bahati mbaya." Bahati mbaya ipi? Ulinifundisha nusu ya kazi ukaniambia ni yote! Mtu kukaa na bunduki miaka 20 bila ajali hakumfanyi mwalimu.

Sikiliza sasa. Mtutu uelekee pasipo na mtu wala nyumba, kidole kiwe mbali na kifyatulio. Magazini itoke KWANZA, ndipo ufungue bolti, iliyomo ndani iruke nje. Ukianza na bolti magazini ikiwa bado ndani, ukiifunga tu umeshaingiza nyingine. Halafu chungulia chemba, kisha gusa mdomo wake kwa ncha ya kidole cha mwisho. Jioni, kwenye mwanga hafifu, jicho linaona linachotaka kuona. Kidole ama kinakuta tundu, ama kinakuta kitako cha risasi. Ifanye hivyo kila unapoishika, hata kama aliyekukabidhi ameikagua mbele yako sekunde ile. Mimi sasa hata nikiiweka chini nikanywe chai, nikirudi naanza upya.

Kulenga: anza umelala, mbao ya mbele ya bunduki iegemee kiroba cha mchanga, mita 25 zinatosha, na kifyatulio ukivute polepole bila kukikwapua. Nyuma ya shabaha pawe na tuta nene la udongo, kwa sababu hiyo .22 unayoiona ndogo inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 1.5, na huko mbele kuna watu wanapalilia.

Ila hiyo iliyoegemea mlangoni sasa hivi, nenda kaitoe nje. Elekeza mtutu kwenye udongo, fungua bolti, gusa kwa kidole. Kisha rudi hapa utuambie umekuta nini.