Echeveria inaoza ingawa inamwagiliwa kidogo kidogo: jibu la mtu aliyekwisha kuua mitano

Ndugu uliyeuliza kwa nini majani ya echeveria yako (ule mmea mdogo wa mapambo wenye majani manene yanayohifadhi maji) yanageuka manjano na kulainika kama yaliyochemshwa, ilhali unaipa kikombe kidogo tu cha maji mara mbili kwa wiki na uliweka kokoto chini ya chungu kisicho na tundu, nakujibu kwa kirefu, kwa sababu nilipita njia hiyo hiyo na nikapoteza mimea mitano kabla sijang'amua kosa.

Sikuling'amua upesi kwa kuwa dalili yenyewe hudanganya. Mmea wangu wa kwanza ulianza kusinyaa majani, nikahukumu kwamba una kiu, nikauongezea maji. Ukasinyaa zaidi, nami nikaongeza tena. Nilipoung'oa hatimaye, nilikuta mizizi myeusi inayokatika vidoleni. Mzizi uliooza hauwezi kunywa, na ndiyo maana mmea uliozama katika maji hunyauka sawasawa na ule ulionyimwa. Siku hizi nikiona jani limesinyaa nauchunguza udongo kwanza. Ukiwa mkavu hadi chini, namwagilia, na baada ya siku chache majani hujaa tena. Yasipojaa, au udongo ukiwa bado na unyevu, nautoa mmea chunguni nikaitazame mizizi. Jani la manjano linalopenyeza mwanga, kama yako, halina mjadala: limelewa maji. Majani ya chini kabisa yanayokauka kama karatasi ni ya uzee tu, wala yasikutie wasiwasi.

Sasa nije kwenye kokoto, maana ushauri huo hurudiwa kila mahali na ndio ulioniponza. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe mpaka ishibe, kisha ishike ikiwa imelala hadi iache kudondosha. Ukiisimamisha wima bila kuikamua, itaanza kudondosha tena, ingawa sponji ni ile ile na kilichobadilika ni kimo chake tu. Udongo nao una tabia hiyo, kwani nafasi zake ndogo huyashikilia maji, na tabaka lake la chini hubaki limeloa kwa kimo fulani hata kama kuna tundu. Maji hayatoki katika nafasi ndogo za udongo kuingia katika nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo ulio juu ya kokoto hizo uwe umeshiba kabisa. Kwa hiyo aliyeweka kokoto za kimo cha sentimita 4 hakuliondoa tabaka lililoloa, bali amelipandisha sentimita 4 kuisogelea mizizi. Mizizi hupumua hewa iliyo kati ya chembe za udongo. Nafasi hizo zikijaa maji siku nyingi mfululizo, mizizi hufa na kuvu humalizia kazi. Vikombe vyako vidogo, katika chungu kisicho na tundu, vinalilowesha tabaka hilo tu.

Tena, mmea huu hauna haraka ya maji. Hufungua vitundu vya majani yake usiku kunapokuwa na ubaridi, huingiza hewa ya kaboni na kuihifadhi kama asidi, kisha mchana hufunga vitundu na kuitumia asidi hiyo kwa mwanga wa jua, hivyo maji machache sana hupotea. Mtaalamu wa mimea Benjamin Heyne, akiwa India mwanzoni mwa karne ya 19, aliligundua jambo hili kwa ulimi: majani ya mmea mmoja wa ukoo wa echeveria yalikuwa makali kwa uchachu asubuhi, na kufikia mchana uchachu ulikuwa umekwisha. (Usimuige bila kujua mmea ulionao, utomvu wa jamii ya euforbia, kama mnyaa, huunguza.)

Kwa mmea wako, utoe leo, kung'uta udongo wote, kata mizizi yote myeusi kwa kisu safi, uuache kivulini siku tatu au nne ili majeraha yakauke. Tafuta chungu cha udongo wa kufinyanga chenye tundu, kisichozidi sana upana wa mizizi iliyobaki, na uchanganye nusu ya udongo wa kupandia na nusu ya jiwe la povu, perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mawe ya volkeno) au chenga za mawe za milimita 3 hadi 6. Mchanga laini haufai hata kidogo, kwani huziba nafasi zile zile unazozitafuta. Ukishapanda, kaa wiki moja bila kumwagilia. Baada ya hapo mwagilia kwa wingi mpaka maji yatiririke tunduni, umwage yaliyotuama katika kisahani, kisha usirudie mpaka udongo ukauke wote. Mimi hukinyanyua chungu. Mkono huzoea uzito wake kuliko kalenda yoyote.

Uweke penye mwanga mwingi, ila uuzoeshe jua kali taratibu, kwa kuwa jani lililoungua halirudi hali yake. Ukirefuka shina na majani kuachana, umekosa mwanga, na urefu huo haupungui isipokuwa kwa kukata kichwa na kukiotesha upya.

Mwisho, kabla hujaupanda tena, chomoa majani mawili matatu ya juu yaliyo magumu na mazima, kwa kuyatikisa kushoto na kulia hadi yatoke na kitako chake chote, maana jani lililokatikia katikati haliwezi kutoa chipukizi. Yalaze juu ya udongo mkavu, mbali na jua la moja kwa moja, na usiyape maji mpaka uone vijizizi vyenye rangi ya waridi. Kwangu huchukua wiki mbili hadi nne. Hata shina likishindwa kupona, mmea utakuwa nao.