Jibu: Uko probesheni na unataka kuhamia Kasese? Usimpe huyo mtu hela

Ndugu, salamu baadaye. Uko probesheni, yaani korti imekuacha nje chini ya uangalizi wa afisa, sasa umepata tajiri mpya Kasese na unauliza kama yule jamaa wa nje ya korti anaweza "kukumalizia" mambo ya kuhama. Huyo namjua! Kama si yeye basi pacha wake. Shati imenyooshwa pasi, faili kwapani, anaita makarani wote kwa majina, unadhani ni afisa. Mimi nilipopata gari ya kuendesha Arua nilimpa elfu hamsini amjulishe afisa wa probesheni kwamba nahama. Akasema "mzee, lala usingizi." Nikalala kweli. Ile faili nadhani ilikuwa na karatasi za kubeti.

Afisa hakuambiwa chochote. Akaja Katwe, nilikokuwa nakaa, kunitembelea kama wanavyofanya, akakuta mpangaji mwingine anaanika nguo, mwenyekiti wa LC1, lile baraza la mtaa, naye anasema hajaniona siku nyingi. Ripoti kwa hakimu, samansi ya kuniita kortini ikaletwa nyumba ileile ya zamani, nani aisome, mbuzi? Sikutokea kortini, ikatoka waranti ya kunikamata, nikashikwa stendi gari imejaa abiria, mama mmoja ananidai chenji yake na mimi nina pingu mikononi. Gari ikapewa dereva mwingine siku hiyohiyo. Na jamaa wa faili nasikia bado anakula mayai ya kuchemsha pale getini, mwizi mkubwa yule.

Probesheni si msamaha jamani. Hapa Uganda amri yake inakaa mwaka mmoja hadi mitatu, hakimu anakusomea masharti na wewe unakubali kwa mdomo wako, ukiyavunja anaweza kukutoza faini au kurudi kwenye lile kosa la kwanza akuhukumu nalo. Mimi wa kwangu aliniangalia weee, akanipiga faini. Angeamka vibaya saa hizi ningekuwa nalima shamba la gereza.

Kuhama unamwambia afisa MWENYEWE, uso kwa uso, kabla hujafunga hata godoro. Andika barua kopi mbili, yako igongwe muhuri na tarehe. Yeye ndiye anayepeleka habari kortini ili usimamizi uhamie wilaya unayokwenda, huyo wa shati hana kazi hapo. Afisa hayupo? Kaa kwenye benchi. Kaenda semina? Rudi kesho. Tajiri anakuharakisha? Aharakishe, si yeye atakayevaa pingu. Na kama hela umeshatoa, usianze kuzunguka kuidai, nenda kwa afisa kwanza.