Banda la gari nalo ni jengo, jamani

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia kutoka Kibaha: "Kaka, kibanda cha gari tu, nacho kinataka kibali?" Kinataka, dada yangu. Ukishamwaga zege na kusimamisha nguzo, hilo ni jengo, na halmashauri ina haki ya kukuuliza karatasi hata kama nyumba kubwa ilishapata kibali chake zamani.

Najua wengi wetu humu tuna ndoto moja: nyumba, geti, na gari linalolala ndani. Yangu iko Goba, kwenye kiwanja kilichopimwa. Fundi alitaka banda likae kule mbele kabisa, mgongo kwenye ukuta wa barabarani. "Bosi, mtaa mzima wamejenga hivyo." Shemeji yangu akadakia kwamba naiogopa serikali kama mtoto wa shule. Aliyasema hayo mbele ya wageni, wakacheka. Sitawadanganya, kile kicheko bado kinaniuma.

Nikachukua hati, michoro na stakabadhi za kodi ya ardhi, nikaenda halmashauri. Habari za foleni mnazijua, tuziache. Kilichonifungua macho ni mkaguzi alipofika saiti na tepu yake. Hakugusa ukuta. Alitafuta bikoni kwanza, yale mawe ya mipaka ya kiwanja, kwa sababu ukuta unajengwa na yeyote, bikoni inawekwa na mpima ardhi. Moja ilikuwa chini ya kifusi. Ilipofukuliwa, ikaonekana banda la fundi lingekaa lote kwenye nafasi ya mbele ambayo masharti ya kiwanja yanataka ibaki wazi.

Tukalirudisha nyuma, usawa wa jiko. Bustani ya mchicha ya mke wangu ikaenda na maji, na alininunia kweli. Lakini piga hesabu: hata gari dogo kama IST lina urefu wa karibu mita 4. Mlango wa banda ukiwa puani mwa barabara, mkia wa gari unabaki njiani huku wewe unahangaika na kufuli saa tano usiku. Mimi naingia, nafunga geti, ndipo nafungua banda. Fundi huyo hakuliwaza hilo, maana hana gari.

Wenye viwanja kando ya barabara kuu, kwenu ni kuzito zaidi. Sheria ya Barabara ya 2007 ilisogeza hifadhi ya barabara, ile ardhi ya pembeni isiyojengwa, kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Aliyekutwa na nyongeza hiyo huchorewa X ya kijani ukutani, anasubiri fidia. X nyekundu, ya aliyejenga ndani ya hifadhi mwenyewe, haina fidia. Na Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, mwaka 2017 watu walibomolewa kwa hifadhi ya mita 121.5 kila upande. Kulikuwa na maghorofa pale, sembuse kibanda cha bati.

Kwa hiyo nasema: nenda halmashauri kabla ya kununua nondo. Nenda kabla fundi hajachimba. Akikuambia ni kibanda tu, hakina haja, ndiyo sababu ya kwenda kesho asubuhi. Tunalipa mamilioni kwa tairi na rimu, halafu ada ya kibali inatuuma! Jamani, tuache kujenga kwa kuiga. Jirani aliyevunja sheria hatakuja kukushika mkono siku greda likifika.

Na ule mtaro mbele ya geti msiuzibe kwa kifusi ili gari lipite. Maji yakikosa njia yataingia kwa mwenzako. Wekeni kalavati, na kabla ya kuliweka muoneni mwenye barabara: za mitaa ni TARURA, kuu na za mikoa ni TANROADS. Watawaambia ukubwa wa bomba na kina chake.