Mataji 7 ya Renshaw na mataji 7 ya Sampras si kitu kimoja

Ndugu mleta mada, umetuwekea jedwali la mabingwa wa Wimbledon, mashindano ya tenisi ya London yanayochezwa kwenye nyasi, upande wa wanaume, kisha ukauliza kama William Renshaw mwenye mataji 7 anastahili kukaa daraja moja na Pete Sampras na Novak Djokovic, ambao nao wana 7 kila mmoja, hatua moja tu nyuma ya Roger Federer mwenye 8. Nimekuwa nikiwafundisha vijana tenisi katika klabu moja hapa Dar es Salaam kwa muda mrefu, na ubishi huu huzuka karibu kila Julai. Jibu langu ni kwamba hastahili. Sisemi hivyo kwa kuwa Renshaw alikuwa mchezaji dhaifu, bali kwa kuwa taji la zama zake lilipatikana kwa njia nyingine kabisa.

Mashindano yalipoanza mwaka 1877 wachezaji walikuwa 22 tu, na Spencer Gore ndiye aliyekuwa bingwa wa kwanza. Kuanzia mwaka uliofuata, bingwa mtetezi hakushiriki raundi za awali. Aliwasubiri wenzake wachujane hadi abaki mmoja, kisha akacheza na huyo mechi moja ya kuamua taji. Renshaw alitwaa taji lake la kwanza mwaka 1881 kwa kupitia mchujo, lakini mataji matano yaliyofuata, ya 1882 hadi 1886, aliyatetea kwa mechi moja kila mwaka: mbili dhidi ya pacha wake Ernest, na tatu dhidi ya Herbert Lawford. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 1922, na leo bingwa mtetezi huanzia raundi ya kwanza kama mchezaji mwingine yeyote na hana budi kuvuka raundi 7. Linganisha na Björn Borg, aliyechukua mataji matano mfululizo kuanzia 1976 hadi 1980 na kufikisha ushindi wa mechi 41 bila kupoteza Wimbledon, mpaka John McEnroe alipomsimamisha katika fainali ya 1981.

Jedwali lako linamwonea zaidi Rod Laver wa Australia. Umemwandikia mataji 4 na kumpita haraka. Laver alishinda 1961 na 1962, kisha akaingia katika tenisi ya kulipwa, na kwa kuwa Wimbledon wakati huo ilipokea wachezaji wa ridhaa pekee, alifungiwa mlango kwa miaka mitano akiwa katika ubora wake. Mwaka 1967 klabu inayoandaa Wimbledon ilifanya mashindano ya majaribio ya wachezaji wa kulipwa, na Laver akayashinda, ingawa ushindi huo hauhesabiwi popote katika orodha ya mabingwa. Milango ilipofunguliwa kwa wote mwaka 1968 alitwaa taji, akalirudia 1969. Ningekuomba uongeze katika jedwali safu ya miaka ambayo mchezaji alizuiwa kushiriki, maana bila hiyo msomaji atadhani Laver alishindwa katika miaka ambayo hakuruhusiwa hata kuingia uwanjani.

Mwaka 1973 nao unahitaji maelezo, kwa sababu wachezaji wapatao 80 walisusia mashindano wakipinga kufungiwa kwa mwenzao Nikola Pilić, na Jan Kodeš akawa bingwa bila kukutana na wengi wa vigogo. Aidha, kwa sisi Waafrika, naomba usilipite jina la Jaroslav Drobný wa mwaka 1954. Alizaliwa Prague na kuihama nchi yake mwaka 1949, na alipomshinda Ken Rosewall katika fainali alikuwa akicheza kama raia wa Misri.

Kisha kuna suala la nyasi. Mwaka 2001 Wimbledon ilibadilisha mchanganyiko wa mbegu za nyasi zake, na mwaka uliofuata Lleyton Hewitt na David Nalbandian walicheza fainali nzima wakiwa mstari wa nyuma badala ya kuukimbilia wavu, jambo ambalo enzi za Sampras lingeonekana la ajabu. Nimeliona badiliko hilo hata kwenye viwanja vyetu vya saruji: vijana wangu wa zamani walikuwa wakianzisha mpira na kuukimbilia wavu palepale, ilhali hawa waliokua wakimtazama Djokovic unalazimika kuwasihi wasogee mbele.

Kama ningetakiwa kuchagua taji moja tu katika orodha nzima, ningechagua lile moja la Arthur Ashe, la 1975. Alikuwa amebakiza siku tano kutimiza miaka 32, hakuwahi kumshinda Jimmy Connors, na Connors, bingwa mtetezi mwenye miaka 22, alikuwa amefika fainali bila kupoteza hata seti moja. Connors alipenda mpira wa kasi ili airudishe kasi hiyo kwa mpinzani. Ashe, ambaye maisha yake yote alipiga kwa nguvu, siku hiyo aliacha nguvu zake. Alianzisha mpira kwa kuukata utoke nje kuelekea mkono wa nyuma wa Connors, akampelekea mipira laini na ya chini upande wa mkono wa mbele, na Connors aliposogea wavuni akamrushia mpira wa juu. Katika mapumziko ya kubadilisha upande alikaa kitini amefumba macho. Akashinda 6-1, 6-1, 5-7, 6-4, akawa mwanamume wa kwanza mweusi kutwaa taji hilo.

Seti ya kwanza ya fainali hiyo huwaonyesha wanafunzi wangu kwenye simu kabla hatujaingia uwanjani, nikiwataka watazame Connors anapigia mpira kimo gani: goti, si kiuno. Baada ya hapo huwapa zoezi la kucheza gemu nzima bila kupiga hata mpira mmoja kwa nguvu, nao hulalamika kwamba ni zoezi gumu kuliko yote ninayowapa.