Lala Mkuranga: kwa dereva mpya wa lori anayeingia Dar kutoka Kusini

Msimu wa ufuta ukianza, pale Mnazi Mmoja, Mingoyo, mkoani Lindi, huwa nakutana na vijana waliokabidhiwa lori kwa mara ya kwanza. Leseni daraja E wanayo, gari wanalimudu, mzigo umefungwa vizuri na turubai limekazwa. Wananivuta pembeni na kuniuliza, "Kaka, Dar naingiaje?"

Mdogo wangu, kwanza ujue kwamba njia yetu inamlegeza dereva. Lindi hadi Dar ni kama kilomita 450, na sehemu kubwa uko wewe na pori. Mchinga, Kiranjeranje, Nangurukuru, Somanga, unavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, Ikwiriri hiyo, Kibiti hiyo. Ukipita vijijini unashuka hamsini, ukitoka unarudi kwenye themanini yako. Mguu umetulia na macho yamezoea kuona mbali. Halafu unashuka bonde la Mzinga pale Kongowe, unapanda, na muda si mrefu uko Mbagala Rangi Tatu. Daladala zinakatisha mbele yako, bajaji ziko kulia na kushoto, bodaboda zinapenya chini ya vioo, na mama mwenye beseni la ndizi kichwani anavuka kati ya kichwa cha lori lako na gari la mbele. Dereva aliyekaa kwenye usukani tangu alfajiri hawezi kuona vyote hivyo, hata awe hodari vipi.

Ndiyo maana ushauri wangu mkubwa ni huu: lala Mkuranga, kabla hujafika Kongowe. Ukiondoka Lindi saa kumi na mbili asubuhi na mzigo kamili, utakaribia pale jioni, wakati ambao watu wa Dar wanarudi makwao na Mbagala haipitiki. Usijiingize. Tafuta mahali penye malori mengine na mlinzi, kula, oga, lala. Amka saa tisa usiku, zunguka gari, gonga matairi, angalia taa za nyuma, uondoke. Saa kumi alfajiri Rangi Tatu unaipita kukiwa bado kuna hewa. Ikishafika saa kumi na mbili, mlango umefungwa.

Nayasema haya kwa uchungu. Mwezi wa tano mwaka 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara maeneo ya Somanga na malori yakapanga foleni. Njia ilipofunguliwa, kila mtu alitaka kufidia siku zilizopotea, na mwenye mzigo wangu alikuwa anapiga simu kila baada ya nusu saa. Mkuranga nilipita bila kusimama. Niliingia mjini jioni, na kwenye kona moja ya kushoto maeneo ya Kurasini nikapanua kichwa kulia ili tela lipate kupita. Upande wa kushoto ukabaki na nafasi, bajaji ikaingia palepale. Mimi sikuiona. Utingo wangu ndiye aliyepiga bodi ya mlango na kupiga kelele. Nilisimama tela likiwa limeshaibana bajaji kwenye kingo, bati limekunjwa, na ndani alikuwemo mama na mtoto wa shule. Hawakuumia, namshukuru Mungu hadi leo. Lakini sura ya yule mtoto akinitazama kupitia kioo cha bajaji haijanitoka.

Kwa hiyo kona ya kushoto iheshimu kuliko kitu chochote mjini. Kichwa kinapita, tela linakata ndani, na huku kwetu usukani uko kulia, kwa hiyo upande unaouona vibaya zaidi ndio uleule tela linakokwenda. Washa indiketa mapema, mapema kabisa. Sogea taratibu. Ukiona nafasi ya kushoto imekuwa kubwa, utingo ashuke na kusimama pale kwenye kona mpaka tela lipite. Kama hukumwona utingo kwenye kioo, simama. Hao wa nyuma wanaopiga honi, waache wapige.

Utingo ni macho yako, msomeshe kabla ya safari. Mkubaliane ishara za mkono na kelele gani ina maana ya "simama". Asilale mkifika Kongowe. Na mpe heshima yake, maana utingo anayetukanwa kila siku ataogopa kukuambia ukweli siku unapouhitaji.

Kwenye foleni, acha nafasi mbele. Watu wataijaza. Daladala itaingia, bodaboda tatu zitaingia, na wewe tulia moyoni uiache tena. Nenda na gia ndogo bila kukanyaga klachi muda wote, maana klachi inayoshikiliwa nusu ndiyo inayoungua. Breki za upepo nazo zina mipaka: ukikanyaga kanyaga hovyo unaumaliza upepo, hasa kwenye mteremko. Jicho moja liwe kwenye geji.

Njia ya mwendokasi iliyo katikati ya barabara ya Kilwa, hii unayoingia nayo mjini, usiiguse, hata iwe tupu namna gani, hata ukiona mwenzako ameingia.

Kabla ya kupakia, pima uzito na pima urefu wa mzigo kwenda juu kwa tepu, uandike namba hiyo ubandike kwenye dashibodi. Nyaya za mitaa ya maghala zinaning'inia. Mpigie simu mpokeaji wa mzigo umuulize maswali ya dereva: malori yanaruhusiwa kuingia saa ngapi, geti lipi, ndani kuna nafasi ya kugeuza tela au utatoka kwa rivasi? Ramani ya kwenye simu itakupeleka kwenye uchochoro wa magari madogo bila kujali tela lako. Safari yangu ya kwanza kwenda Tabata niliacha lori, nikakodi bodaboda, nikaipita njia nzima mpaka getini na kurudi. Nililipa hela ndogo sana kulinganisha na kukwama mtaani na tani thelathini mgongoni.

Na simu ya bosi. Mjini usipokee. Mwambie utingo ampokelee, aseme, "Dereva yuko kwenye foleni, atakupigia akisimama." Bosi mwenye akili ataelewa, na asiyeelewa afadhali agombe kwenye simu kuliko uitwe kutoa maelezo polisi.

Ukishashusha, kishawishi ni kugeuza siku hiyohiyo na kurudi nyumbani. Jioni barabara ya Kilwa ni mbaya zaidi kutoka kuliko kuingia asubuhi. Lala tena. Ondoka saa kumi alfajiri, na saa mbili asubuhi uko Kibiti, chai ya maziwa mezani, mji uko nyuma yako.