Kutwaa Tour de France bila kushinda hatua hata moja

Je, mtu anaweza kutwaa Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, bila kushinda hatua hata moja, yaani mbio za siku moja kati ya zile zinazoziunda? Ndiyo, inawezekana, kwa sababu mshindi wa jumla hupatikana kwa kujumlisha muda wa kila mwendesha baiskeli katika hatua zote 21, wala si kwa kuhesabu hatua alizoshinda. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alifanya hivyo mwaka 2017, akimzidi Rigoberto Urán kwa sekunde 54 tu. Egan Bernal naye alifanya hivyo mwaka 2019: siku aliyowaacha wenzake kwenye mlima wa Iseran, penye kimo cha mita 2,770, mvua ya mawe na maporomoko ya udongo vilifunga barabara mbele yao, hivyo muda ukachukuliwa kileleni na hatua ile haikupewa mshindi, ingawa kwa maoni yangu alistahili kabisa.