Shati linaloachia kifuani

SWALI: Kila shati la vifungo ninalovaa huachia uwazi kifuani, hata likinikaa vizuri mabegani na kiunoni. Nikichukua saizi kubwa zaidi linakuwa kama gunia. Nifanyeje?

JIBU: Usijilaumu, dada, kosa ni la shati. Mashati mengi ya dukani hukatwa kwa kifua cha wastani, na mara nyingi hakuna kifungo kinachoangukia pale kifua kilipojaa zaidi. Kitambaa kinavutwa pande mbili, na katikati ya vifungo panafunguka kama mdomo.

Anza na kipimo. Zungusha tepu kifuani palipojaa zaidi, ukiwa na sidiria unayovaa siku zote, kisha chagua shati linalozidi kipimo hicho kwa sentimita 5 hadi 8. Kiuno kikipwaya, fundi atakipunguza kwa mikunjo miwili ya mgongoni, kila mmoja ukila sentimita 2 au 3. Kupunguza ni kazi ndogo. Kitambaa ambacho hakipo hakiongezeki.

Kwa mashati uliyo nayo tayari, shona kifungo kidogo cha kubonyeza kwa ndani, katikati ya vile viwili vinavyoachia. Kwenye upande wa shati unaolalia mwenzake, sindano ishike tabaka la ndani tu la ukanda wa vifungo, uzi usitokeze nje. Pini usitumie: hutoboa kitambaa laini na kuacha matundu.

Ukijaribu shati jipya, keti, kisha nyoosha mikono mbele. Hapo ndipo uwazi hujitokeza.